Mkuu, usimfiche daktari wa kituo dawa za bingwa

Umeandika "daktari wa kituo cha huku simwambii chochote, mambo ya utumbo namwachia bingwa wangu wa Dar." Hapo chai imenipalia. Mimi nilifanya hivyo hivyo, nusura nizikwe na kidole gumba kilichopona vizuri kabisa.

Nina koliti, vidonda vya utumbo mpana kama wewe. Nilimezeshwa Flagyl weee, kila mtu "amiba hiyo", mpaka kolonoskopi, ile kamera ya kuchungulia utumbo mpana, ikamaliza ubishi. Bingwa akanipa azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, miligramu 150 kwa siku. Damu chooni ikakata, nikanenepa. Akaniambia, "Hao wa vituoni usihangaike nao, huu ugonjwa hawaujui." Nikavimba kichwa. Barua ya mstari mmoja hakuniandikia.

Baadaye kidole cha mguu kikawaka usiku, shuka likigusa tu napiga yowe. Gauti. Pale kituoni Morogoro kijana mmoja mpole akauliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Nikajibu hapana. Kwa mdomo wangu huu! Nilidhani anauliza za gauti. Akatuliza maumivu, wiki mbili mbele akanianzishia dawa ya gauti, alopurinoli, miligramu 300.

Sasa sikia. Alopurinoli inazuia kimeng'enya kinachosaidia mwili kuivunja azathioprini. Dozi yangu ileile ikawa inarundikana, ikaushukia uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Wiki ya tano, vidonda mdomoni, homa, natetemeka. Mama watoto akasema malaria. Kipimo, hamna kitu. Picha kamili ya damu ikatoka: chembe nyeupe, askari wa mwili, 0.9, na mtu mzima anatakiwa awe na 4 kwenda juu. Maabara walirudia wakidhani mashine imekosea. Siku kumi na moja chumba cha peke yangu, ndugu wananipungia dirishani kama nasafiri. Kiwanja changu kikaishia kwenye bili.

Bingwa akaja juu: "Mbona hukuniambia una dawa ya gauti?" Kumbe wale wa "usihangaike nao" ndio nilitakiwa nimletee habari zao! Akakiri zote mbili zinaweza kwenda pamoja, ila azathioprini inashushwa hadi kama robo na damu inapimwa kila mara. Simu ya dakika mbili kati yao, kiwanja changu kingekuwepo.

Siku hizi nina daftari la shule, lile la picha ya twiga. Dawa, dozi, tarehe, majibu ya damu. Wote wawili wanaandika humo, namba zao ziko kwenye jalada. Yule kijana ndiye ananipima damu, anamtumia bingwa majibu, nauli ya Dar nanywea supu. Juzi mgongo uliniuma nikaomba diklofenaki. Akafungua daftari, akakataa: inaweza kuuamsha utumbo.

Wewe kesho rudi kituoni na makopo yote. Usiende kumwambia "vile vidonge vya njano", kopo lenyewe liwe mezani.