Mkeo Hakukukataza, Alikuambia Si Aprili

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, ni mtunza stoo wa kampuni ya utalii hapa Arusha, naishi Sakina na mke na watoto wawili. Mwaka wa tatu huu mshahara wangu haujapanda, wakati Mei Mosi ya 2025 Rais alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1. Na mwezi Agosti huwa natoka kazini saa tatu usiku bila kulipwa chochote cha ziada. Nimepanga Jumatatu nisimame kwenye kikao cha wafanyakazi nimweleze bosi mbele ya wote, aone aibu. Mke wangu anauza nyanya na vitunguu soko la Kilombero, naye ananizuia, anasema nisubiri, Aprili si wakati wake. Naona ananidharau, na wanawake wa Machame unawajua. Mshahara wangu kamili sijamwambia, kwa ajili ya amani ya nyumba. Advansi nimechukua kidogo kwa mambo madogo madogo. Je, mke huyu ananitakia mema? – Baba Junior*

Marahaba, Baba Junior. Pole. Miaka mitatu bila nyongeza inauma, na bei ya sembe haikusubiri. Pole yangu imeishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo mke mbaya, sijamwona. Unasema wanawake wa Machame nawajua. Nawajua ndiyo: wanajua kuhesabu hela, na naona hilo ndilo linalokutisha wewe.

Mkeo amesema "subiri", wewe ukasikia "huwezi". Huyo ni mtu wa soko. Anajua siku nyanya zimefurika Kilombero hakuna anayepandisha bei, hata apige kelele mpaka koo likauke. Aprili kwenu ni hivyohivyo. Masika imeshika, njia za mbugani ni tope, kambi kadhaa zimefungwa, magari yamelala gereji. Bosi anakaa na daftari akitafuta wa kumpunguza, na wewe ndio unataka usimame ajue jina lako!

Halafu mbele ya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe unataka ukipate umesimama kikaoni. Bosi aliyeaibishwa mbele ya madereva wake hatoi hela, anatafuta pa kuilipiza aibu. Wenzako watakupigia makofi Jumatatu, Jumanne kila mmoja atakuwa anaosha gari lake kimya.

Na hiyo asilimia 35.1 usithubutu kuipeleka kwake. Ile ilikuwa kima cha chini cha watumishi wa umma, kutoka shilingi 370,000 kwenda 500,000, kuanzia Julai 2025. Wewe ni wa kampuni binafsi. Sekta binafsi ina amri yake ya kima cha chini, kila sekta na kiwango chake. Kama unalipwa chini ya hicho, hapo una haki kamili. Kama uko juu yake, unaomba, na anayeomba huchagua siku.

Ila yapo yasiyosubiri msimu, na hapa mkeo angekuunga mkono kama ungemweleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Zile za Agosti si fadhila ya bosi. Angalia pia kama michango yako inaingia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya 10. Anza kwa barua ya heshima kwake, ubaki na nakala. Akikaidi, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini usilale: mgogoro usio wa kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 60 tangu utokee, ukichelewa unaanza kujieleza kwa nini umechelewa.

Sasa tuje kwenye "mambo madogo madogo". Mwanangu, advansi ya mambo madogo haiandikwi kwa siri kwa Shangazi. Ni mikeka ya mpira au ni glosari, unajua mwenyewe. Ninachojua mimi, bosi akifungua faili lako ataiona hiyo advansi kabla hajaona miaka yako mitatu. Imalize kwanza.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mume anajua matokeo ya ligi ya Uingereza mpaka ya mwaka juzi, mke hajui baba watoto wake analipwa ngapi. Ushauri wa kazi anachukua kwenye kundi la WhatsApp, kwa watu ambao siku akifukuzwa hawatamnunulia hata kilo ya unga. Kisha mke, ambaye mtaji wake wa vitunguu ndio unalisha nyumba tarehe 20 ikifika, anaitwa mwenye dharau. Amani ya nyumba gani hiyo? Unajificha tu.

Nenda kwa bosi mwishoni mwa Mei, magari yanapotoka gereji na wageni wa Juni wameshalipa. Usingoje Septemba. Bei za mwakani huwa anawatumia mawakala wa Ulaya mapema, na akishazituma hana pa kuichomeka nyongeza yako. Ingia peke yako, asubuhi, na karatasi moja: vifaa ulivyookoa visipotee stoo, kazi ulizoongezewa tangu uajiriwe, na kiasi unachotaka. Kiasi hicho kipange na Mama Junior, yeye ndiye mwenye kipaji cha bei humo ndani. Ila kabla hamjakaa, mwoneshe karatasi ya mshahara, na advansi mwambie wewe mwenyewe leo, maana madereva wenu nao wananunua nyanya Kilombero.