Kipimo cha CEA kikipanda, msikimbilie kuacha kemo

Baba alitibiwa kifua kikuu miezi mingi kabla ya majibu ya kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, kutoka: saratani ya pafu, aina ya adenokasinoma, hatua ya nne. Akaanzishiwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ya carboplatin na pemetrexed, dripu kila baada ya wiki tatu.

Kabla ya dripu ya kwanza alipimwa CEA, protini ambayo baadhi ya saratani huimwaga kwenye damu. Ikaja 48, wakati maabara nyingi huhesabu chini ya 5 kuwa kawaida. Wiki tatu baadaye ikawa 61. Nyumbani pakawa kama msibani. Shangazi akataka tumrudishe Newala akapumzike, na mimi, mtoto wa kwanza, nilikaribia kukubali.

Daktari alitukalisha chini. Seli za saratani zikifa kwa dawa, alisema, zinaweza kumwaga CEA damuni, hivyo namba huweza kupanda wiki za mwanzo kisha ikashuka. Hakutuahidi kwamba kwa baba ndivyo ilivyo. Alitaka tungoje dozi ya pili na picha ya CT. Tukangoja. Ikashuka hadi 30, na kwenye picha uvimbe ulikuwa umepungua.

Kwa hiyo unayemuuguza mzazi, hakikisha damu inapimwa kabla ya dozi ya kwanza, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganishia. Rudini maabara ileile, maana mashine tofauti hutoa namba tofauti. Kama mgonjwa anavuta sigara, semeni. Sigara peke yake hupandisha CEA. NSE, kipimo kingine cha damu kinachotumika zaidi kwa saratani ya pafu ya seli ndogo, hupanda kwa uongo chembe nyekundu zikipasuka ndani ya kichupa.

Sitawaficha: namba kubwa mwanzoni mara nyingi huendana na maisha mafupi zaidi. Lakini daktari wetu alijali zaidi kama baba anakula, anatembea mwenyewe hadi chooni, na uzito wake.

Jambo ninalojutia ni kuchelewa kuulizia vipimo vya EGFR na ALK, vinavyotafuta mabadiliko ya vinasaba vya saratani, kwenye kile kinyama. CEA haichagui dawa. Vipimo hivyo vya vinasaba ndivyo vinavyoweza kumhamisha mgonjwa kutoka kwenye dripu hadi kwenye vidonge. Ulizeni siku ileile ya majibu, kabla kinyama hakijaisha maabara.