Nani Aliyekataa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Chama chetu cha msingi cha ushirika huku Newala kimebandika tangazo la "mnada wa kidijitali" wa korosho. Kijana wangu anasema ni kosa, ilipaswa kuwa "kidijiti". Nani yuko sahihi?

Marahaba. Wote wawili. Dijiti ni tarakimu, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kidole, maana watu walihesabia vidole. Dijitali tumeipokea ikiwa tayari kivumishi, na masikio ya Watanzania wengi yameizoea. Liacheni tangazo lenu lilivyo.

Kinachoniuma katika habari hizi za kidijitali ni kauli nyingine kabisa: "mfumo umekataa".

Msimu uliopita nilimsindikiza dada yangu kwenye ofisi moja hapa Mtwara kuulizia malipo ya korosho zake. Wenzake walikuwa wamelipwa zamani. Binti wa dirishani, kwa adabu zote, akamwambia: "Mama, mfumo umekukataa." Tukarudi nyumbani. Wiki iliyofuata, mfumo bado unakataa. Mara ya tatu tukamkuta karani mwingine, akaomba kitambulisho, akatazama kompyuta, akatazama tena kitambulisho. Jina la baba yetu lina L. Kwenye kompyuta liliandikwa kwa R. Akafuta, akaandika upya. Siku ya pili yake hela ikasoma.

Sasa hapo nani alikataa?

Kukataa ni tendo la mwenye hiari. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisomewa bei mnadani, wakaikataa. Huko ndiko kukataa: wenye kukataa wapo, sababu wanayo, na ukitaka kuwauliza utawakuta. Najua mtasema Kiswahili chetu kina mvua iliyokataa na mlango uliogoma. Ni kweli, na ni Kiswahili kizuri. Lakini nyuma ya mvua hakuna karani. Mlango nao ukigoma anaitwa fundi, mwenye shida haambiwi arudi wiki ijayo.

Mfumo ni neno la kufuma. Kina mama wanaofuma vitambaa vya makochi wakiona tundu, hutafuta uzi uliporukwa, wakafumua hadi hapo. Sijamsikia hata mmoja akisema kitambaa kimekataa.

Tangu stakabadhi ghalani, yaani utaratibu wa kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi, ianze hapa Mtwara mwaka 2007, mkulima alizoea karatasi. Karani akikosea, mwandiko wake ulibaki pale pale, na saini yake chini. Kuanzia msimu wa 2024/25 korosho zinauzwa kwa mnada wa mtandaoni kupitia TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, mnunuzi anaweka bei akiwa alipo. Sina neno na hilo. Ila herufi iliyobonyezwa vibaya kwenye chama cha msingi inaweza kupita chama kikuu ikafika benki, na haina mwandiko wa mtu. Ofisi za namna hii ndizo zinazohitaji lugha inayomtaja mtenda, nazo ndizo zinazomficha.

Vitenzi tunavyo. "Nimekosea jina lako, mama, ngoja nirekebishe." Kama ulimi mzito, basi sema "jina lako limeandikwa vibaya". Kauli ya kutendwa haimtaji mtu, lakini inamwachia nafasi: msikilizaji anaweza kuuliza, limeandikwa na nani? Kwenye "mfumo umekataa" swali hilo halina pa kuingilia. Mtenda tayari yupo, na mtenda huyo hana sikio wala kiti ofisini.

"Mtandao umekatika" nakubali, ikiwa umekatika kweli. "Mfumo uko chini" naimeza kwa shida. Lakini "umekukataa", aambiwe mama aliyepalilia, akaokota na kubeba magunia yake hadi kwenye mizani? Hilo silivumilii, na ningekuwa na mamlaka lisingetamkwa kwenye dirisha lolote kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu.

Msalimie kijana. Na karani wenu akisema mfumo umekataa, mwombe ageuze kioo cha kompyuta, msome jina pamoja.