Muulize Fundi: Ferrari 250 GTO, mbona ikipita mikono mingi ndo inapanda bei?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimesoma kuna Ferrari 250 GTO iliuzwa mnadani New York mwaka 2023 kwa dola milioni 51.7, nikadhani wamekosea nukta. Mimi nauza magari yaliyotumika hapa Tanga, ninavyojua gari ikishapita mikono mitano mteja anaanza kukunja sura, sasa hawa wanaisifia eti ina wamiliki wengi? Nieleweshe.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwanza elewa hii gari ilikuwa ya mashindano, ilitengenezwa kati ya 1962 na 1964, ziko 36 tu za injini ya lita 3 yenye silinda 12, halafu kuna chache za lita 4. Hiyo ya New York ilizaliwa na lita 4. Ilikuwa ya timu ya kiwanda yenyewe, ikashika nafasi ya pili kwenye mbio za Nürburgring kule Ujerumani mwaka 1962, mwezi uliofuata ikaenda Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, ikashindwa kumaliza, baadaye ikauzwa kwa watu binafsi Italia, ikapanda milima ya Sicily kwenye mashindano ya huko, mwisho ikavuka kwenda Marekani ambako jamaa mmoja alikaa nayo miaka 38. Umeona? Kila mkono unajulikana, kila mbio inajulikana. Wewe mteja wako anakunja sura kwa sababu hajui hao watu watano waliifanyia nini gari, angejua yote kwa karatasi na picha wala asingesumbua.

Ila usidhani zilikuwa zinaabudiwa tangu mwanzo. Kuna moja namba ya chasisi yake 3589GT, hiyo ndo naipenda kuliko zote. Ilianzia Uingereza, ikanunuliwa na tajiri wa Texas mwenye timu ya mbio ya Rosebud, dereva Innes Ireland akaikimbiza kwenye mbio za Sebring kule Florida mwaka 1963, alafu 1964 yule tajiri akaigawa bure kwa shule ya sekondari ya Victoria hukohuko Texas ili wanafunzi wajifunzie ufundi! Yaani vijana wa shule wanafungua nati za GTO. Mwaka 1972 shule ikaiuza dola 6,500, aliyeinunua akaipeleka Ohio na ikaja kukaa nje juu ya trela, uwanjani, mvua yake jua lake, kwa miaka. Watu walikuwa wanajua iko pale, wanaenda kumbembeleza auze, hauzi. Kaja kuiachia 1988 ikaenda Uswisi, na wakati huo GTO zilishaanza kuhesabiwa kwa mamilioni ya dola.

Sasa kwa nini shule iliuza bei ya kutupa? Kwa sababu gari ya mbio ikishapitwa na wakati ni mzigo. GTO ilibeba ubingwa wa dunia wa magari ya GT miaka mitatu mfululizo, 1962, 1963 na 1964, mwaka 1965 Cobra, magari ya mbio ya Mmarekani Shelby, zikauchukua, na magari yenye injini nyuma ya dereva yalikuwa yameshaingia. Barabarani huendi nayo kazini, mbioni haishindi tena, utaifanyia nini? Ilibidi wapite watu walioipenda kijinga, bila hesabu, ndo ikafika leo. Nick Mason, mpiga ngoma wa bendi ya Kiingereza ya Pink Floyd, alinunua ya kwake miaka ya sabini, ile iliyoshika nafasi ya tatu Le Mans 1962, na mpaka uzeeni ameendelea kuitoa kwenye mbio za magari ya zamani badala ya kuifungia kabatini. Huyo namheshimu.

SWALI: Mkuu, tukiweka hela pembeni, uzuri wake hasa ni nini? Na hao wanaotengeneza za kuiga, zina tofauti gani? Naandika kutoka Mombasa.

JIBU: Uzuri wake ni kwamba hakuna kitu kimewekwa kwa ajili ya kukupendeza. Bodi ya aluminiamu imegongwa kwa mkono kwenye karakana ya Scaglietti pale Modena. Pua ina matundu matatu ya nusu duara ya kuvutia hewa, yana vifuniko, hali ya hewa ikiwa baridi unayaziba. Ndani mshale wa mizunguko ya injini umekaa mbele ya macho yako, ila spidomita hakuna kabisa, ya nini wakati uko mbioni? Viti vimevishwa kitambaa cha bluu, kapeti hamna, gia inapita kwenye sahani ya chuma iliyokatwa mifereji na kila ukibadilisha unasikia klaki. Kabureta sita za Weber zinanyonya hewa mbele yako, joto la injini linaingia miguuni. Kwa foleni ya Mombasa mchana ungeshuka umechemka.

Za kuiga nyingi zilitengenezwa kwa kukata Ferrari 250 GTE, ile ya viti vinne, ambayo injini yake ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo unaweza kuwa na chasisi ya Ferrari, injini ya Ferrari, bodi inayofanana kila kona, na bado sio GTO, kwa sababu haikufika Le Mans, haikufika hata Texas shuleni. Na ukifikiria kuigonga mwenyewe hapo gereji uanze kuuza, mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilisema umbo la 250 GTO ni kazi ya sanaa na linalindwa, kwa hiyo kabla ya nyundo tafuta wakili.