Nafasi ya kukaimu ndiyo mlango wenyewe

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa majopo ya usaili wa ajira serikalini, na siku moja ilinifunza kuliko semina zote nilizohudhuria. Tulikuwa tukijumlisha alama za waombaji wa nafasi ya mkuu wa kitengo. Aliyeongoza alikuwa mwanamke, tena kwa tofauti kubwa, lakini kwenye karatasi ya mjumbe mmoja, katika safu ya maoni, nilikuta maneno matatu kwa wino wa bluu: "ana mtoto mchanga". Hakuna swali lililomhusu mtoto. Nafasi ikaenda kwa mwingine, nami nikasaini muhtasari pamoja na wenzangu, jambo linaloniuma hadi leo.

Usawa wa wanawake na wanaume katika ajira si hisani ya mwajiri. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 21, linampa kila mtu haki sawa ya kuingia katika utumishi wa umma wa nchi yake, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake unakataza kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya ujauzito au likizo ya uzazi.

Kwa wenzangu wa majopo, nashauri kila mjumbe ajaze alama na kusaini karatasi yake kabla ya mazungumzo yoyote, na safu ya maoni ipokee tu maelezo yanayohusu majibu ya mwombaji. Tulipoanza utaratibu huo, aliyetaka kushusha alama alilazimika kutaja ni jibu gani hasa lililopungua.

Hata hivyo, nimeona upendeleo mwingi zaidi ukitokea kabla ya usaili, kwenye kukaimu, yaani kushika cheo kwa muda kabla hakijapata mwenyewe. Mkuu anapostaafu, mtu hupewa kukaimu kwa neno la mdomo, na mara nyingi ni yule aliyezoea kubaki ofisini hadi usiku au kusafiri na bosi kikazi. Nafasi inapokuja kutangazwa miezi kadhaa baadaye, sharti la uzoefu wa uongozi linakuwa limekwisha kumchagua. Mwanamke aliyekuwa likizo ya uzazi wakati huo hakukataliwa na mtu, ila jina lake halikutajwa kabisa. Ndiyo maana maofisa utumishi wanapaswa kutunza rejista ya waliokaimu na waliopelekwa mafunzoni, kuikagua kila mwaka kwa jinsia, na kuwaingiza walio likizo katika orodha ya wenye sifa.

Nawe dada uliye kazini, ukiambiwa "shikilia ofisi kidogo", omba barua yenye cheo unachokaimu na tarehe ya kuanza, hakikisha imeingia kwenye jalada lako masijala, kisha baki na nakala.