Umegongwa kwa nyuma na mnataka kuyamaliza bila bima? Bei aitaje fundi

Mkuu, pole sana, na tumshukuru Mungu wote mmetoka wazima. Nimekuelewa hivi: jana jioni ukiwa kwenye foleni, Noah imeigonga IST yako kwa nyuma. Bampa limepasuka, buti halifungi vizuri, na dereva anakuomba msiende polisi wala kwenye bima. Yuko tayari kukupa 80,000, nawe umsainie karatasi kwamba mmemalizana. Unauliza uchukue au uache.

Usisaini. Kuyamaliza wenyewe si vibaya, mimi nimeshayamaliza hivyo na nikaridhika kabisa. Ila bei haitajwi barabarani. Pale barabarani mnakubaliana jambo moja tu, nani analipa. Kiasi atakitaja fundi, bampa likiwa limeshafunguliwa na nyote wawili mmesimama hapo.

Mimi iliyonikuta ilikuwa Barabara ya Mandela, pale Tabata. Magari yanatambaa, kijana mwenye Vitz akaniingia nyuma. Kwa macho ilikuwa mikwaruzo na ufa upande wa kulia wa bampa, basi. Akatoa laki moja, na kwa tulichokuwa tunakiona haikuwa ofa mbaya. Nikamwambia hapana, tukutane kesho asubuhi kwa fundi bodi, ukitaka njoo na fundi wako. Akaja. Fundi alipofungua bampa, chuma kinachokaa nyuma yake kilikuwa kimebonyea kuelekea ndani. Tukanyanyua kapeti la buti, tukatoa tairi ya akiba, na bati la sakafu pale chini lilikuwa na mikunjo miwili iliyopasua rangi. Ukipitisha kidole kwenye uwazi kati ya mlango wa buti na bodi, kushoto kinapita, kulia hakipiti. Kunyoosha bodi, bampa la mtumba kutoka Ilala, rangi na ufundi, jumla ikaja 430,000. Kijana hakubisha hata kidogo, kwa sababu alikuwa ameinama palepale anaangalia. Ningempigia simu tu nikamwambia laki nne na thelathini, angeniona mwizi, na mimi nisingemlaumu.

Kwa hiyo buti lako kutofunga vizuri ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ufa wa bampa. Bampa ni plastiki, linabonyea na kurudi. Buti likikataa kukaa mahali pake, ujue kuna bati limesogea.

Sasa suala la bima. Watu wanakimbilia kuikwepa bila kupiga hesabu. Kama yule wa Noah ana bima ndogo tu, bima yake haimtengenezei gari lake, lakini wewe uliyegongwa unaweza kuidai. Usumbufu upo: utahitaji ripoti ya trafiki, mchoro wa ajali, gari likaguliwe, na mara nyingi kampuni itataka uthibitisho kwamba dereva wake ndiye mwenye kosa. Kwa bampa na rangi, wengi wanaona muda unaopotea ni mwingi kuliko hela yenyewe, na ninawaelewa. Kama wewe una bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, soma mkataba wako uone ni kiasi gani cha hasara unakibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na kama kuna punguzo la kutodai (wanalompa asiyedai bima) utalipoteza mwaka unaofuata. Hasara ikiwa karibu na kiasi hicho, kuipeleka bima hakukuongezei kitu.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na linamhusu zaidi yule aliyegonga. Mikataba ya bima kwa kawaida inakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua, na inakutaka utoe taarifa mapema. Ukishaandika kwa mkono wako kwamba utalipa, kisha gharama zikakushinda ukarudi kwenye bima, wana sababu ya kukukatalia. Amueni mapema mnapita njia ipi. Kuanza na hii na kuhamia ile katikati ndiko kunakoumiza watu.

Bima ya mwenzako iangalie hata kama hamtaitumia. Ingia kwenye mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, weka namba ya gari, utaona kama iko hai. Kama imekwisha, utaelewa kwa nini anaharakisha hivyo, na utajua huna pa kukimbilia akikuzungusha.

Mnachoandikiana palepale kiwe kifupi, hata nyuma ya risiti ya mafuta. Mimi niliandika hivi: "Mimi fulani, dereva wa gari namba fulani, leo tarehe fulani, saa kumi na mbili jioni, nimeligonga kwa nyuma gari namba fulani eneo la Tabata. Nitalipia matengenezo yote kadiri yatakavyokadiriwa na fundi, sote wawili tukiwepo. Hakuna aliyeumia." Majina matatu, namba za simu, saini za wote wawili na shahidi mmoja. Yale maneno ya "nimepokea kiasi fulani na sina madai mengine" ni karatasi ya pili, inasainiwa gari likishatoka gereji na hela imeshaingia. Huyo wa Noah anataka uanze na ya pili.

Picha upige kabla magari hayajasogezwa: moja ya mbali inayoonyesha barabara na magari yote mawili, za karibu za palipogongwa, namba za magari, leseni yake na kadi ya gari. Kisha sogeeni pembeni watu wapite. Kushikilia leseni ya mtu kama rehani sikushauri hata kidogo. Piga picha, mrudishie. Namba ya simu mjaribu hapohapo iite ukiisikia, na anapokutumia hela angalia jina linalotokea kwenye muamala kama linafanana na la kwenye leseni.

Kadi ya gari nayo ina mambo yake. Ukikuta jina la kwenye kadi si la dereva, uliza tajiri, yaani mwenye gari, ni nani na apigiwe simu mkiwa hapo hapo, sauti ikiwa juu. Dereva wa daladala au wa gari la kazini anaweza kuahidi kwa moyo mweupe kabisa, lakini ana hesabu ya kupeleka jioni na hela ya bampa hana. Nimeona mtu akizungushwa miezi na dereva aliyekuwa anasema kweli kwamba hana, wakati tajiri hajui kama gari lake liligonga.

Na mtu akiumia, haya yote niliyoandika yanakufa. Shemeji yangu aligongana na bodaboda Mbagala. Yule kijana aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema yuko sawa, akachukua elfu hamsini ya kioo na indiketa, wakaagana vizuri. Asubuhi kifundo cha mkono kimevimba, picha inaonyesha mfupa umepasuka, na ndugu zake wamefika nyumbani kwa shemeji. Hakuna karatasi, hakuna taarifa polisi, na kila upande una maelezo yake. Mtu akianguka barabarani mwili bado una moto, hajui anaumwa wapi. Nendeni kituoni, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea matibabu, apelekwe hospitali. Hata ukimlipia matibabu mwenyewe kwa hiari yako, na ni jambo jema, taarifa iwe imeandikwa. Sheria nayo inakutaka usimame na utoe taarifa, na kuondoka tu kutakugeuza kuwa mtu aliyekimbia ajali.

Malipo ya awamu nakubali, ila mbili tu, na ya kwanza itoshe kununua spea ili fundi aanze. Nilivyofanya mimi, kijana alimlipa fundi moja kwa moja kwenye simu yake, hela haikupita kwangu. Hiyo iliondoa maneno ya kwamba nimeongeza cha juu, na yeye alipita siku ya rangi akaona kazi.

Kwako sasa: mpigie huyo wa Noah leo, kwa upole, mwambie unakubali msifike kwenye bima ila kesho mkutane gereji bampa lifunguliwe. Mtu mwenye nia njema atakuja. Akikwepa, au akisema ni 80,000 au basi, namba ya gari unayo, nenda kituo cha polisi cha eneo mlipogongana ukatoe taarifa usisubiri wiki iishe.

Halafu nyanyua kapeti la buti, toa tairi ya akiba, upige picha sakafu uiweke hapa. Ile Noah ilikuwa na bampa la chuma mbele?