Mgonjwa Haonyeshi Dalili

SWALI: Nafasiri ripoti ya hospitali na neno la Kiingereza exhibit linanisumbua. Mahakamani ni kielelezo, kwenye makumbusho ni kitu cha maonyesho, na ripoti yangu inalitumia kwa wagonjwa na dalili zao. Asili yake ni nini? Je, niandike "mgonjwa anaonyesha dalili"? Na ni kuonyesha au kuonesha?

JIBU: Nianze na la mwisho, nilimalize upesi. Onesha limetoka kwa ona moja kwa moja. Onyesha limepitia onya, yaani kumfanya mtu aone, kama pona ilivyozaa ponya. Wapo wanaolikataa onyesha kwa hoja kwamba onya ni kutahadharisha. Lakini anayemwonya mwenzake si anamfumbua macho aione hatari? Nimeshabishana vya kutosha juu ya herufi hiyo moja. Chagua unalolipenda, ulishike hadi ukurasa wa mwisho.

Exhibit ni la Kilatini: ex ni nje, habere ni kushika au kuwa na kitu. Exhibere, basi, ni kukitoa ulichonacho ukakinyoosha mbele za watu. Habere hiyohiyo imo katika habeas corpus, amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya hakimu. Zamani Waingereza walilitumia exhibition hata kwa maana ya matunzo, na vyuo vya Oxford na Cambridge vikaliita hivyo fungu la kumsaidia mwanafunzi. London ilipofanya maonyesho yake makuu mwaka 1851, maana ya kutandaza vitu vitazamwe ilikuwa imeshatia mizizi. Polisi wetu nao husema kidhibiti, na hapo wamekutana na Kilatini njiani: dhibiti ni la Kiarabu, ni kushika barabara, na nduguye ni madhubuti.

Sasa huyo mgonjwa wako. Naomba, tena kwa msisitizo, usiandike kwamba anaonyesha dalili. Sentensi hiyo naikuta kila siku, katika taarifa za habari, vipeperushi vya afya, hata vitabu vya shule, na kila nikiikuta inanichoma.

Kuonyesha kunataka watu wawili na kitu kimoja: anayeonyesha, anayeonyeshwa, na kinachoonyeshwa. Tena kunataka nia. Ukimwambia mtu "nitakuonyesha!" atarudi nyuma hatua moja, kwa sababu amesikia kusudi lako. Mgonjwa akivua shati akamgeuzia daktari mgongo ili autazame upele, hapo ameonyesha, na mwandishi aandike hivyo. Lakini aliyelala chali, meno yakigongana kwa homa, fahamu zikija na kupotea, anamwonyesha nani nini? Hana habari hata ya shuka lililomwanguka.

Kiswahili kilishaamua zamani nani mtendaji katika ugonjwa, na si mgonjwa. Homa humshika, mafua humbana, tumbo humsokota, kichwa humgonga. Ugonjwa ndio wenye mikono. Mfasiri akishaandika "anaonyesha dalili za homa", amemnyang'anya ugonjwa mikono yake, akamvisha mgonjwa kazi asiyoifanya.

Na hilo neno dalili lenyewe, mbona halisikilizwi? Ni la Kiarabu, na huko dalili ni kiongozi wa njia, ni ushahidi. Kazi yake ni hiyohiyo ya kuonyesha. Wazee waliposema dalili ya mvua ni mawingu, hawakuhitaji mvua ionyeshe chochote, mawingu yalitosha.

Mwanya huu ukishaachwa wazi, mengine hupita humohumo. Chuma "kinaonyesha kutu", wakati kimeshika kutu. Mtoto "anaonyesha ukosefu wa nidhamu", maneno matatu mazito ya kusema hana adabu. Mwalimu mwenye subira "anaonyesha uvumilivu", kana kwamba anaufanyia maigizo. "Utafiti umeonyesha" nimeliacha lipite, kwa kuwa utafiti hufanywa makusudi ili watu waone jambo, na anayeonyeshwa yupo: ni msomaji.

Kwa ripoti yako, soma kwanza sentensi nzima ya Kiingereza, kisha ujiulize nani anafanya nini. Kama dalili zipo tu, andika "mgonjwa ana dalili za homa ya ini". Kama zimeanza, "dalili zimejitokeza siku ya tatu". Kama daktari ndiye aliyezibaini, mpe daktari kitenzi: "daktari amemkuta na manjano machoni". Wale ambao Kiingereza kinasema hawa-exhibit chochote, waandike "hawana dalili". Kielelezo kiache mahakamani, na vitu vya maonyesho viache kwenye makumbusho, ambako kuna mtu aliyevipanga kwenye kabati la kioo, akawasha taa, akafungua mlango ili watu waingie kuvitazama.